Orodha Kwanza, Wageni Baadaye

Vikao vya maendeleo siku hizi haviishi bila mtu kusimama na kutaja utalii. Manyoni nako neno hilo limefika. Treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024, na kipande cha reli kilichoanzia Morogoro kinaishia kwetu, Makutupora. (Makutupora ya Manyoni, si ile ya Dodoma yenye visima vya maji na zabibu.) Kutoka hapo reli inajengwa kwenda Tabora. Lami ya Dodoma kwenda Singida inapita hapa hapa mjini. Hoja inayotolewa ni nyepesi: wageni watapita, kwa hiyo tuwe na kitu cha kuwasimamisha.

Kitu chenyewe kinachotajwa zaidi ni michoro ya miambani. Hatuna ugomvi na hoja hiyo. Ugomvi wetu ni mpangilio wa kazi. Tunavyoona, halmashauri za Manyoni na Itigi hazina haki ya kusimamisha hata kibao kimoja chenye mshale kando ya barabara kabla hazijakaa na vijiji, zikaorodhesha kila mwamba wenye mchoro, na zikaandika kwa maneno yasiyo na utata nani analinda mwamba huo na nani anakula kiingilio chake. Tukianza na kibao, tutakuwa tumewaelekeza waharibifu njia kwa fedha za umma.

Tuanze na jirani aliyetangulia. Kondoa iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lililoorodheshwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na mpaka leo hesabu ya mapango na miamba yenye michoro ni ya kukadiria: kati ya 150 na 450. Soma tena tarakimu hizo. Urithi wa Dunia, na bado tofauti ya hesabu ni miamba 300. Hiyo si kwa sababu hakuna aliyefanya kazi. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa Kondoa akinakili michoro ile kwa mkono, mchoro kwa mchoro, na kitabu chake kilipotoka mwaka 1983 kilibeba jina lenye maana kwamba sanaa hii ya Afrika inatoweka. Jina hilo halikuwa la kupamba jalada. Alichokiona wakati ule kilikuwa tayari kinafifia.

Michoro yenyewe ni ya namna mbili kubwa, na mtu yeyote anayetaka kuifanyia biashara anapaswa angalau kujua hilo. Ipo myekundu, iliyochorwa kwa ngeu: watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, twiga, tembo, pofu. Hiyo huhusishwa na wawindaji na wakusanya chakula, na watafiti wengi huiunganisha na mababu wa Wasandawe na Wahadza, ambao lugha zao za kidoko bado zinasemwa mikoani mwetu humu humu katikati ya nchi. Ipo pia myeupe, minene, mara nyingi imechorwa kwa kidole juu ya ile myekundu: wanyama, duara, mistari, alama. Hiyo huhusishwa na wakulima na wafugaji waliokuja baadaye, wenye lugha za Kibantu wakiwemo. Kwa maneno mengine, ni kazi ya watu ambao wajukuu zao wanapiga kura Manyoni, Bahi na Kondoa.

Na ukanda huu hauishii Kondoa. Katika miaka ya 1930 watafiti Ludwig na Margit Kohl-Larsen walikuta michoro upande wa Iramba na Isanzu, na kitabu chao kikachapishwa mwaka 1938. Mwaka 1931 ofisa wa kikoloni A. T. Culwick aliandika juu ya michoro ya Bahi, na jambo lililomshughulisha zaidi halikuwa rangi bali matambiko yaliyokuwa yakifanyika pale. Bahi ni jirani yetu wa mlango wa pili. Ukingo wa Bonde la Ufa unaotazama mbuga ya Bahi ndio huo huo unaopanda Saranda na Kilimatinde. Mwamba haujui mpaka wa wilaya wala wa mkoa.

Kwamba bado kuna mengi ya kupatikana, hilo halina shaka tena. Mwaka 2018 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Jagiellonia cha Poland, Maciej Grzelczyk, alifika kwenye mwamba unaoitwa Amak'hee 4 ndani ya Pori la Akiba Swaga Swaga, kaskazini mwa Dodoma. Alichokikuta kilichapishwa mwaka 2021 na kusomwa duniani kote: safu ya michoro myekundu, na ndani yake watu watatu wenye vichwa vinavyofanana na vya nyati. Michoro ile ilikuwa imesalimika kwa sababu mbili zisizo na ujuzi wowote ndani yake. Mwamba wenyewe umejitokeza juu kama paa, mvua na jua haviufikii ukuta. Na hapakuwa na njia ya kuendea.

Sababu hiyo ya pili ndiyo inayotufanya tuandike.

Fikiria siku mwamba wa namna hiyo unapopatikana Manyoni. Kwa desturi yetu, taarifa itatoka kwenye redio, kiongozi atapanda na msafara, picha zitapigwa, na wiki itakayofuata vijana watakuwa juu ya mlima na makaa mkononi wakiandika majina yao na ya wapenzi wao. Atatokea mwenye kujiita mwongoza wageni, naye atamwagia ukuta maji ya chupa ili rangi ing'are kwenye picha. Maji hayo yanapokauka huacha chumvi juu ya rangi, na kila yanaporudiwa rangi inazidi kufunikwa, mpaka siku inafika hakuna tena cha kung'arisha. Mgeni haambiwi hilo. Anaondoka na picha nzuri.

Kuna waharibifu wengine wasiohitaji utalii. Mchungaji anaingiza mbuzi pangoni kukwepa mvua, mbuzi wanajikuna ukutani. Mrina asali anawasha moto wa kufukuza nyuki na masizi yanapanda. Mkata mkaa anaondoa miti iliyokuwa ikiukinga mwamba na upepo wa vumbi. Wote hawa wanatafuta riziki, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kuwa ukuta ule una thamani. Kisha kuna wa kokoto. Reli inataka kokoto, barabara inataka kokoto, nyumba za mjini zinataka kokoto, na kokoto haiokotwi sokoni. Inapasuliwa kwenye mawe hayo hayo. Tungependa kujua ni nani, kabla ya kibali cha machimbo kutolewa, anayepanda kuuzunguka mwamba na kutazama chini ya kila paa lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na NEMC, chombo cha serikali cha mazingira, kipo kwa kazi hiyo. Lakini mpasuaji mwenye nyundo na matindo hapiti NEMC. Anapita kwa mtendaji wa kijiji.

Kondoa imetufundisha pia juu ya waganga wa hazina. Mongomi wa Kolo, pango mashuhuri kuliko yote kule, limechimbwa na watu walioamini Mjerumani aliacha mali chini yake. Mahali popote palipowahi kuwa na boma la Mjerumani hapakosi uvumi wa rupia na dhahabu, na Kilimatinde ilikuwa na boma. Tusijifanye hatuwajui watu wa aina hii. Mchoro mwekundu wa mnyama anayeelekea upande fulani, kwao ni ramani. Kwa hiyo orodha tunayoitaka isije ikabandikwa mtandaoni na vipimo vya GPS. Ikae halmashauri, ikae Idara ya Malikale, na nakala ikae kijijini kwenye sanduku la mhuri.

Sasa tambiko. Hapa ndipo maofisa wengi hujikwaa. Mongomi wa Kolo si makumbusho kwa watu wa Kolo. Ni mahali pa kuombea mvua, pa kutafutia uponyaji, na UNESCO yenyewe ilitaja uhai huo wa mila miongoni mwa sababu za kuiandikisha Kondoa. Lakini miaka mingi walinzi wa serikali na wazee wa mila wamekuwa wakivutana: wazee humimina pombe ya mtama na mafuta, wataalamu wanaona ukuta unaharibika. Mtafiti Mtanzania Emmanuel Bwasiri aliandika mwaka 2011 kwamba usimamizi wa Kolo umeijali rangi ya ukutani na kuusahau urithi unaoishi. Tunakubaliana naye, na tunaongeza kwamba pombe ukutani nayo ni hasara, tusione haya kusema. Ufumbuzi haupatikani kwa kufuli. Unapatikana kwa kukaa na wazee wenyewe na kuafikiana kumiminwe wapi, hatua ngapi kutoka ukutani, na siku gani mgeni haruhusiwi kukanyaga pale hata awe amelipa dola. Huko nyuma ziliwahi kuwekwa nyavu za chuma kwenye baadhi ya mapango ya Kondoa, hazikudumu. Anayezuiwa kuingia kwa babu yake huona nyavu kuwa matusi.

Tuje kwenye sheria, maana ndiko kuliko na tundu kubwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inaulinda mchoro wa mwambani moja kwa moja, bila tangazo la waziri, ikiwa ulichorwa kabla ya mwaka 1863. Kwa mchoro mwekundu wa wawindaji hakuna tatizo. UNESCO inaihesabia michoro ya Kondoa umri wa angalau miaka 2,000. Lakini mchoro mweupe je? Nani atakuja mahakamani kuthibitisha kwamba duara jeupe chini ya mwamba fulani lilichorwa 1850 na si 1880? Rangi hizi ni ngumu mno kupimwa umri. Upo uwezekano mkubwa kwamba sehemu ya michoro myeupe, ile ya mababu wa wakulima wa leo, imeachwa nje ya ulinzi wa moja kwa moja kwa sababu tu ya mwaka uliochaguliwa mezani. Waziri anaweza kuitangaza kwa jina, ndiyo. Lakini huwezi kutangaza usichokiorodhesha. Kila hoja hapa inaturudisha kwenye daftari.

Kama kuna anayedhani tunakuza mambo, atazame Australia. Tarehe 24 Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan katika eneo la Pilbara ili kupanua machimbo ya chuma. Watu walikuwa wametumia mapango hayo kwa takriban miaka 46,000. Wenyewe, Waaborijini wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, walikuwa wamepinga. Mkurugenzi mkuu wa kampuni aliondoka kwenye kiti, bunge likafanya uchunguzi, kampuni ikaomba radhi. Yote hayo baada ya baruti. Na jambo linalopaswa kutukosesha usingizi ni kwamba kibali kilikuwepo. Sheria ya urithi ya jimbo hilo, ya mwaka 1972, iliruhusu waziri kutoa idhini ya kuharibu, na idhini ilitolewa. Hakuna aliyevunja sheria. Nchi tajiri, yenye wataalamu na makumbusho, ilipoteza mahali pa miaka 46,000 kwa utaratibu uliokamilika kila sahihi.

Hao hao Waaustralia, tuwape haki yao, wana la kutufunza upande wa pili. Uluru, mwamba mwekundu mkubwa wa katikati ya nchi yao, ulirudishwa rasmi kwa wenyeji wake Waanangu mwaka 1985. Wenyeji wakaikodisha serikali ardhi hiyo kwa miaka 99 iendelee kuwa hifadhi, na robo ya mapato ya kiingilio inakwenda kwao. Chini ya mwamba ule nako kuna mapango yenye michoro. Kwa miaka mingi Waanangu waliwaomba wageni wasiupande mwamba, wageni wakapanda. Tarehe 26 Oktoba 2019 njia ya kupanda ikafungwa kabisa. Uluru haikufa njaa. Wageni wanazunguka kwa miguu chini, wanasimuliwa na wenyewe, wanaonyeshwa pa kupiga picha na pa kuweka kamera mfukoni.

Ufaransa walikwenda mbali zaidi. Pango la Lascaux walilifunga mwaka 1963 kwa sababu pumzi za wageni tu zilikuwa zinaharibu kuta, na mwaka 1983 wakafungua nakala yake jirani. Watu wanalipa kuona nakala. Hatusemi Manyoni ijenge pango la saruji. Tunasema tu kwamba upo ushahidi wa kutosha kuwa mwenye mali akisema "hapa hapana", biashara haifi.

Turudi kwetu, kwenye fedha. Kijiji kinachotunza mwamba kinapata nini? Swali hili huulizwa mwishoni mwa mkutano, watu wakiwa wameshaanza kushika kofia. Tunataka liulizwe mwanzoni. Manyoni tuna uzoefu na rasilimali inayopita juu ya vichwa vyetu: mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi yako mlangoni, wawindaji wa kitalii wanakuja na kuondoka, na mwanakijiji wa jirani hukutana na serikali hasa anapokamatwa na kitoweo. Miamba isifuate njia hiyo. Wizara ya Maliasili imekabidhi vituo kadhaa vya malikale kwa taasisi zake: Kilwa kwa TAWA ya wanyamapori, Kaole kwa TFS ya misitu, Kimondo cha Mbozi kwa Mamlaka ya Ngorongoro. Yapo mazuri; taasisi hizo zina magari, zina askari, zina mafuta. Lakini askari wa misitu amefundishwa miti, na fedha zikishaingia kwa namba ya kumbukumbu ya malipo zinakwenda Hazina moja kwa moja. Kijiji kikija kudai baadaye, kitaambiwa kiandike barua.

Kijiji kina silaha yake, nayo ni ya kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa usimamizi wa ardhi yake. Katika mpango wa matumizi bora ya ardhi, mwamba unaweza kutengwa na eneo la kuuzunguka, kama linavyotengwa eneo la malisho au la makaburi. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinaruhusu kijiji kutunga sheria ndogo, na halmashauri kuzipitisha. Sheria ndogo ya ukurasa mmoja inatosha: hakuna kupasua mawe wala kuwasha moto hapa, hakuna kumwagia maji mchoro, mgeni haingii bila mwenyeji aliyeteuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, na sehemu fulani ya kiingilio inabaki kijijini na kusomwa hadharani kila robo mwaka. Haya yakishapigwa mhuri kabla ya mgeni wa kwanza, taasisi yoyote itakayokuja baadaye itakuta mwenye nyumba yupo.

Tunajua jibu tutakalopewa. Tutaambiwa tunachelewesha maendeleo, kwamba vijana hawana ajira na sisi tunazungumzia orodha. Kwa hao tuna neno moja la kweli. Barabara ya lami ya Dodoma kwenda Babati kupitia Kondoa ilizinduliwa mwaka 2018 na inapita Kolo kwenyewe. Ni sehemu ya njia kuu ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Kondoa ina lami, ina jina la UNESCO, ina miaka karibu 20 ya Urithi wa Dunia. Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 2 mwaka 2024, na wengi mno wao walikwenda Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar. Kolo bado unaweza kupanda mlima ukawa peke yako na mlinzi. Kwa hiyo anayewaahidi vijana wa Manyoni mamia ya ajira kutokana na michoro anawadanganya mchana kweupe. Kitakachokuja ni wageni wachache, wenye subira, wanaojua wanachokitafuta, na wanafunzi wa shule zetu. Kwa kijiji kimoja, wageni wachache wanaolipa vizuri si haba. Kwa mwamba mmoja, wachache ndio kiasi chenyewe.

Na hao wanafunzi tusiwataje kwa kupita. Mtoto anayemaliza darasa la saba Kintinku au Chikuyu anaweza kukutajia fuvu la Zinjanthropus na Olduvai, na ni vizuri, lakini hajaambiwa kwamba watu waliochora kwa ngeu waliishi katika milima anayoiona kutoka dirishani. Akipelekwa na mwalimu mara moja, akaelezwa, huyo ndiye atakayemkemea mwenzake mwenye makaa mkononi. Hatujui mlinzi wa bei nafuu kuliko huyo.

Kazi ya kuorodhesha si ya miaka kumi wala ya wafadhili. Wanaojua miamba wanafahamika: wachungaji, warina asali, wazee wa mila, wawindaji wa zamani walioacha upinde. Afisa utamaduni wa wilaya ana ofisi. TFS wako Aghondi kwenye hifadhi ya nyuki, na watu wao wanapita porini kila wiki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya akiolojia yenye wanafunzi wanaotafuta mahali pa kufanyia utafiti. Kinachohitajika ni mafuta ya pikipiki, posho ya mzee anayeongoza njia, simu yenye kamera nzuri, fomu moja inayofanana kwa kila mwamba, na amri kwamba hakuna kugusa ukuta wala kumwaga hata tone la maji. Ianze kwenye vijiji vya ukingo, Saranda na Kilimatinde, ambako reli na wapasua kokoto wako karibu zaidi, kisha iendelee upande wa Itigi.

Mwaka wa fedha huanza Julai na madiwani hukaa na rasimu ya bajeti miezi kadhaa kabla. Tutaitafuta rasimu hiyo. Tutakachoangalia ni fungu lipi limetangulia: la kuorodhesha miamba, au la kuchonga vibao.